Moto, siagi, tembo, ghala au ute: mfano upi ueleze matatizo ya kampuni kubwa?

Kampuni ikishapita watu elfu moja, hakuna mtu mmoja anayeiona yote. Mhasibu anaona malipo yanayokaa mezani wiki tatu, fundi anaona mashine isiyo na vipuri, mtu wa mauzo anaona mteja aliyehamia kwa mshindani. Mkurugenzi yeye anaona jedwali lililojaa rangi ya kijani, kwa sababu kila aliyelipitisha kabla yake alilipunguzia wekundu kidogo. Ndiyo maana anayetakiwa kueleza kwa nini chombo kizima kinakwenda mrama hukimbilia mfano. Mfano unaingia kichwani mwa bosi kwa dakika moja, wakati ripoti ya kurasa 60 ingelala kwenye droo.

Lakini mifano haifanani kazi. Nikiitazama ile iliyovuma zaidi katika historia ya makampuni, naona jambo moja linajirudia: kila mfano unakuja na dawa yake mfukoni. Msikilizaji akishaikubali picha, ameshakubali nusu ya uamuzi, na majadiliano yanayofuata ni ya kupangilia tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza mfano upi unavutia, jiulize ni dawa ipi uko tayari kuisimamia mbele ya watu.

Nimechukua mitano na kuipima kwa mambo yaleyale. Kwanza, lawama inamwangukia nani: wakubwa, idara, au hakuna mtu. Pili, dawa inayojificha ndani yake. Tatu, msikilizaji: je, picha yenyewe anaijua, na itachukuliwaje ikimfikia mtu ambaye hukumkusudia? Nne, mfano unapokatika, yaani pale unapoacha kufanana na kampuni yenyewe. Halafu nasema unamfaa nani.

Jukwaa linalowaka moto

Februari 2011, Stephen Elop, aliyetoka Microsoft na alikuwa hajatimiza nusu mwaka akiwa mkuu wa Nokia, aliwaandikia wafanyakazi waraka. Alianza na kisa cha mtu anayefanya kazi kwenye jukwaa la kuchimba mafuta katika Bahari ya Kaskazini. Usiku mlipuko unamwamsha, moto umetanda, na mbele yake kuna mambo mawili tu: abaki aungue, au aruke mita 30 kwenye maji ya barafu. Akaruka, akapona. Elop akasema na sisi tumesimama juu ya jukwaa kama hilo. Waraka ukavuja, na siku chache baadaye, tarehe 11, Nokia ikatangaza kwamba simu zake janja zitahamia kwenye mfumo wa Windows Phone wa Microsoft.

*Lawama.* Moto wenyewe hauna mwenyewe, lakini Elop alijazia: alisema sisi wenyewe ndio tuliolimwagia petroli jukwaa letu, kwa kukosa uongozi na uwajibikaji. Lawama hapo imewaangukia wote, jambo ambalo kwa kawaida huishia kuwaangukia wa chini.

*Dawa.* Kuruka. Sasa hivi, bila kamati, na bila kurudi nyuma. Mtu akikuambia nyuma yako kuna moto hutamwomba upembuzi yakinifu.

*Msikilizaji.* Moto kila mtu anaujua, na hapo ndipo penye hatari. Waraka ulikusudiwa wafanyakazi, ukasomwa na kampuni za mitandao ya simu, na wenye maduka, na wateja. Simu za Symbian, mfumo wa zamani wa Nokia, ndizo zilizokuwa zinalipa mishahara, na nani anataka kununua simu ambayo mtengenezaji wake anasema inaungua? Simu za kwanza za Lumia, zile zenye Windows Phone, zilifika madukani Novemba mwaka uleule. Miezi tisa ni mingi kwa muuzaji asiye na cha kumwambia mteja. Sisemi waraka ndio ulioiua Nokia ya simu. iPhone na Android zilikuwa zinaila tangu mapema. Ila mauzo ya Symbian yaliporomoka kwa kasi, na Septemba 2013 kitengo cha simu kikatangazwa kuuzwa kwa Microsoft kwa euro bilioni 5.44.

*Unapokatika.* Kampuni kubwa si jukwaa moja. Wakati simu janja zinaungua, kitochi, au mulika mwizi kama wanavyoiita Kenya, kilikuwa bado kwenye mifuko ya mamilioni Afrika Mashariki, na kitengo cha mitambo ya mitandao ndicho ambacho leo kinabeba jina la Nokia. Mfano wa moto haukuachii nafasi ya kusema chumba hiki kinaungua na kile kizima. Jambo jingine: washauri wa mageuzi walikuwa wakiutumia tangu mkasa wa jukwaa la mafuta la Piper Alpha wa Julai 1988, uliowaua watu 167. Anayetaka kuutumia kwenye kikao cha kuhimiza mauzo ya robo mwaka akumbuke anachokikopa.

*Unamfaa nani.* Mwenye mamlaka kamili, ambaye muda umemwishia kweli, na ambaye tayari anajua watu watatua wapi wakiruka. Ukikosa kimojawapo, hasa hicho cha mwisho, utabaki na hofu tu kwenye korido, na wa kwanza kuruka watakuwa wale wazuri wenye ofa za kazi kwingine.

Siagi ya karanga

Novemba 2006, gazeti la Wall Street Journal lilichapisha waraka wa ndani wa Yahoo ulioandikwa na Brad Garlinghouse, mmoja wa makamu wakuu wa rais wa kampuni. Alisema Yahoo imejitandaza kwenye kila fursa kama siagi ya karanga iliyopakwa nyembamba juu ya mkate wote, kiasi kwamba hakuna mahali palipopata ya kutosha. Akaongeza kwamba yeye siagi hiyo haipendi, na wengine nao wasiipende.

*Lawama.* Inapanda juu, kwa wenye kugawa: wameogopa kuchagua, na wameacha kila jambo liwe na wenyewe wawili, maana yake halina mwenyewe. Ujasiri wa waraka huu uko hapo, kwamba aliyeuandika hakuwa mkuu wa kampuni.

*Dawa.* Kuchagua na kukata. Garlinghouse hakuficha: alipendekeza wafanyakazi wapunguzwe kwa asilimia 15 hadi 20.

*Msikilizaji.* Picha ya jikoni, haitishi mtu, inakumbukwa. Nairobi au Dar es Salaam siagi yoyote ya kupaka kwenye mkate inafanya kazi ileile. Uzuri wake mwingine ni kwamba ikivuja haimkimbizi mteja. Mteja wa Yahoo aliyeusoma waraka ule alielewa kwamba mabosi wana mambo mengi. Hakuona sababu ya kufunga barua pepe yake.

Nguvu ya waraka wenyewe, kwa maoni yangu, haikuwa siagi. Ilikuwa orodha iliyofuata: Flickr na Yahoo Photos, zote za picha, chini ya paa moja, Del.icio.us na MyWeb, zote za kuhifadhi kurasa. Na nyingine za namna hiyo. Siagi bila orodha ni tusi kwa bosi. Orodha bila siagi hakuna ambaye angeisoma mpaka mwisho.

*Unapokatika.* Siagi ni ileile popote uichotapo, watu sivyo. Huwezi kumchota mhandisi wa picha ukampaka kwenye utafutaji akawa mzito siku hiyohiyo. Tena mfano unadhani kuna mtu anajua ni kipande kipi cha mkate kinastahili kupakwa kwa wingi, na hilo ndilo Yahoo ilishindwa kukubaliana. Kampuni ilipangwa upya Desemba 2006, Yahoo Photos ikafungwa mwaka uliofuata, Terry Semel akaachia kiti cha ukuu Juni 2007. Mwaka 2008 ikakataa ofa ya Microsoft ya zaidi ya dola bilioni 44, na 2017 biashara yake kuu ikaenda Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, kwa takriban bilioni 4.5. Mgonjwa alipimwa vizuri. Kupona ni habari nyingine.

*Unamfaa nani.* Meneja wa juu asiye wa juu kabisa, mwenye orodha ya mambo yanayorudiwa na mwenye ubavu wa kusema lipi life. Kama kitengo chako mwenyewe hakimo kwenye orodha hiyo, tegemea kuulizwa kwa nini.

Tembo

Mwaka 1993 IBM, kampuni ya kompyuta ya Marekani, ilipata hasara ya takriban dola bilioni 8. Kabla ya hapo wakubwa wake walikuwa wameshaanza kupanga kuigawa iwe makampuni madogo yanayojitegemea, kwa hoja kwamba mnyama mkubwa namna hii hawezi kukimbizana na wadogo. Aprili mwaka huo akaja Louis Gerstner kutoka RJR Nabisco, kampuni ya sigara na biskuti. Akazunguka kwa wateja, akawasikia wakisema hawataki vipande, wanataka mtu wa kuwaunganishia mitambo yao yote ifanye kazi pamoja. Akakataa kuigawa. Alipostaafu akaandika kumbukumbu zake, na kwenye jalada akauliza nani kasema tembo hawezi kucheza ngoma.

*Lawama.* Ya tembo wa Gerstner iko kwenye mazoea, si kwenye ukubwa. IBM ilikuwa na utaratibu ambapo idara moja ikisema haikubali, uamuzi uliogusa kampuni nzima uliweza kusimama hapo hapo.

*Dawa.* Hapa pana mtego. Mnyama ni yuleyule, dawa ni mbili zinazopingana: ukimwita mzito, umesema akatwe, ukimwita mchezaji, umesema afundishwe. Usiseme tembo kisha ukanyamaza, kwa sababu atakayeimalizia sentensi huenda akawa mshauri anayelipwa kwa kukata.

*Msikilizaji.* Katika ofisi za New York tembo ni mnyama wa kwenye picha, mkubwa na mvivu. Kwa mtu ambaye shamba la kwao linapakana na Tsavo au Mikumi, tembo ni mwepesi, ana akili, na anakuja usiku wakati umelala. Ukimwambia kampuni yetu ni nzito kama tembo, hatakuelewa. Halafu kuna methali ambayo hakuna Mswahili atakayekusubiri uifikie: wapiganapo tembo, nyasi huumia. Ukitaja tembo kwenye kikao cha wafanyakazi, nusu ya chumba itaanza kujihesabu kuwa ni nyasi.

*Unapokatika.* Tembo ana kichwa kimoja. Kampuni ya watu elfu kumi ina vichwa elfu kumi, na kuna siku hata mkonga haukubaliani na masikio.

*Unamfaa nani.* Anayeitetea kampuni isigawanywe, mbele ya bodi au wanahisa, na anayeweza kuonyesha faida ambayo mteja anaipata kwa sababu tu kampuni ni kubwa.

Maghala

Huu ndio umechakaa kuliko yote: kila idara ni ghala refu la nafaka, lina ukuta wake, halijui cha jirani. Mwaka 1999 Sony, iliyoileta duniani Walkman, kile kifaa cha mfukoni cha kusikilizia kaseti, ilitoa vifaa viwili tofauti vya kusikiliza muziki wa kidijitali, kimoja chini ya jina la Walkman na kingine chini ya VAIO, jina la kompyuta zake. Vilitoka idara tofauti na vilishindania mteja mmoja. iPod ya Apple ikaja Oktoba 2001, ikiwa moja.

*Lawama* ni ya wakuu wa idara, na *dawa* ni kubomoa kuta: kupanga upya, kuhamisha watu, kuunganisha bajeti. Ni dawa inayopendwa kwa sababu inaonekana kwenye chati siku hiyohiyo, na inayokatisha tamaa kwa sababu kuta mpya huota mahali pengine.

*Msikilizaji.* Mkulima wa Kitale au Makambako akisikia ghala anafikiria mahindi yaliyo salama, na ghala lililojaa ni habari njema. Mwambie tubomoe maghala uone uso wake. Kwa wafanyakazi wa namna hii ni heri uliseme jambo wazi: idara hazipeani taarifa.

*Unapokatika.* Kuna kuta zilizojengwa kwa sababu. Katika benki, mkaguzi wa ndani hatakiwi kukaa meza moja na anayetoa mikopo, na faili la afya la mfanyakazi halimhusu msimamizi wake. Mfano wa ghala hautofautishi ukuta wa kiburi na ukuta wa kinga.

*Unamfaa nani.* Mwenye ushahidi wa mteja aliyezungushwa dirisha kwa dirisha, au wa idara mbili zilizonunua kitu kilekile mara mbili.

Ute wa manjano

Kuna kiumbe kinachotambaa kwenye magogo yaliyooza, laini, cha manjano, chembe moja yenye viini vingi na bila ubongo. Wataalamu wanakiita Physarum polycephalum. Mwaka 2010 watafiti wa Japani na Uingereza waliweka punje za shayiri mahali pa miji 36 ya eneo la Tokyo, wakakiachia. Kwa muda wa saa 26 hivi kikawa kimetandaza mishipa iliyofanana kwa ubora na njia za reli za eneo hilo. Alex Komoroske, aliyekuwa meneja wa bidhaa Google, aliuvumisha mfano huu kwa slaidi zake: kampuni kubwa haiendeshwi kutoka juu kama gari, inatambaa.

*Lawama.* Hakuna. Na huu ndio mfano pekee kati ya mitano unaoweza kueleza kwa nini watu wazuri, wenye bidii, wasiochukiana, wanaweza kufanya kazi mwaka mzima wasitoe kitu. Hesabu yake ni rahisi. Tuseme mradi unahitaji timu tano, kila moja ina uwezekano wa asilimia 90 wa kumaliza kwa wakati, na kuchelewa kwa moja hakutegemei nyingine. Uwezekano wa mradi mzima kufika kwa wakati ni asilimia 59. Timu zikiwa kumi, 35. Zikiwa ishirini, 12. Hakuna mzembe hata mmoja hapo. Ongeza mawasiliano: watu watano wana njia kumi za kuzungumza wawili wawili, watu hamsini wana 1,225. Bosi anayejibu ucheleweshaji kwa kuongeza kikao cha uratibu anaongeza njia nyingine.

*Dawa.* Punguza kutegemeana. Acha timu ndogo zitambae zenyewe, wape wote mwelekeo mmoja wa mbali, na ukubali kwamba ramani ya kina haitakuwapo. Ni dawa ya polepole, na ngumu kuiuza kwa bodi inayotaka tarehe.

*Msikilizaji.* Wahandisi wanaupenda. Wengine wanakunja uso, na utatumia nusu ya muda wako kueleza ute wenyewe ni nini. Ukivuja haudhuru mtu. Nani atauandika gazetini?

*Unapokatika.* Viini vya ute havigombei vyeo, havifichi taarifa mbaya, havisemi ndiyo kikaoni na hapana kwenye kahawa. Tena, kwa kusema hakuna wa kulaumiwa, mfano unawapa wakubwa blanketi la kujifunika. Watetezi wake husahau sehemu moja ya jaribio la Tokyo: shayiri haikujiweka. Kuna mtu aliyeamua punje zikae wapi. Kwenye kampuni punje hizo ni bajeti, vyeo na bonasi, na anayezipanga ana jina na ofisi.

*Unamfaa nani.* Mwenye timu zilizochoka kulaumiana, na mwenye uwezo wa kuhamisha punje chache.

Wa sita nimeuacha

"Sisi hapa ni familia moja." Katika ofisi zetu huu unasikika kuliko yote mitano, lakini hauelezi tatizo, unakataza kulitaja. Nani atasimama mbele ya wenzake aseme baba kakosea hesabu? Na familia huwa haimpi mtoto barua ya kupunguzwa kazi.

Uchague vipi

Kama fedha zinaisha miezi michache ijayo na wewe ndiye mwenye sahihi, moto unaruhusiwa, mradi useme kwa pumzi hiyohiyo ni sehemu ipi inayoungua na watu wanarukia wapi. Andika kama vile wateja watausoma, kwa sababu nyaraka za Nokia na Yahoo zote mbili zilisomwa na wasiokusudiwa.

Bodi ikiuliza kama kampuni igawanywe, anza na tembo, na sentensi uimalizie mwenyewe. Mbele ya wafanyakazi wa chini muache tembo porini.

Mteja akizungushwa kati ya idara, ghala linatosha. Kabla ya kulitumia, muulize mwanasheria au mkaguzi ni ukuta upi usiguswe.

Miradi ikiwa mingi kuliko watu, tumia siagi, na orodha uwe nayo mkononi. Miradi ikiwa michache, watu wazuri, na bado kila kitu kinachelewa, siagi itakupoteza: utakata watu ambao hawakuwa tatizo. Hapo chukua ute, na zile hesabu za asilimia 59 na 12 ziweke mbele ya picha.

Kama umekwama kati ya miwili, iandike dawa ya kila mmoja kwa sentensi kavu isiyo na picha: tupunguze watu 200, tufunge bidhaa hii, tuunganishe idara hizi mbili, tusiwape tarehe mpaka Juni. Tazama ni ipi ungeweka sahihi.

Na kama wewe ni meneja wa kati, huna bajeti wala sahihi, ila bosi wako amekuomba umweleze kwa nini mambo hayaendi, mpelekee miwili, siagi na ute, pamoja na mfano halisi mmoja wa kila upande kutoka kitengo chako. Atakaouchukua utakuonyesha dawa anayoitaka yeye, na hilo ni vizuri ulijue kabla hujaandika ukurasa wa pili.